Nyumba ya Krismasi Diani: mpishi kumi kwa kumi, friji tuzungumze

Kila Desemba sisi watu wa bara tunaofanya kazi Pwani hung'ang'ania viti vya basi kwa nauli iliyokwisha kupanda, twende tukale sikukuu nyumbani. Safari hii mambo yaligeuka. Baba alisema anataka kuiona bahari kabla magoti hayajamkatalia, na neno la mzee likishatoka, wengine hufunga mizigo. Wakaja kutoka Nyahururu: Baba na Mama, dada yangu mkubwa na mumewe, kaka mdogo na mkewe, na watoto wa kila kimo. Mimi naishi Ukunda, chumba na sebule. Hata wangelala kwa zamu wasingetosha. Ndipo nikakodi nyumba ya vyumba vinne Diani, ya paa la makuti, yenye kidimbwi cha kuogelea na mpishi wake.

Jina la nyumba sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya ninayoyasema si matamu na sitaki ugomvi na mwenyewe. Lakini nyumba za namna hii zimejaa kandokando ya barabara ya Diani, na maswali ya kuuliza ni yale yale. Mjue pia kwamba kazi yangu ni kutengeneza friji na viyoyozi mahotelini. Wengine wakiingia nyumba ya likizo hukimbilia dirishani waone kama bahari inaonekana. Mimi hufungua friji.

Bei ilikuwa KSh 22,000 kwa usiku, ya msimu wa sikukuu, na hawakodishi chini ya usiku 5. Nusu ya malipo nilitoa Septemba. Ndani ya bei hiyo kuna mpishi, mama wa usafi na askari wa usiku. Chakula unanunua mwenyewe, gesi yao, na tokeni za stima juu yako. Hiyo ya tokeni ishikeni, nitairudia.

Safari kwanza, kwa sababu ukileta wazee safari ni sehemu ya nyumba. Walipanda treni ya asubuhi ya kutoka Nairobi kuja Mombasa, inayoondoka saa mbili, daraja la kawaida, KSh 1,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 3 hadi 11. Tiketi za Desemba huisha mapema sana, usingoje mshahara wa Novemba. Daraja la kawaida viti hutazamana na mgongo wake umesimama wima, kwa hiyo mpeni mzee kiti cha dirishani na mto mdogo wa kiunoni. Baba alishuka akiwa na habari za ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza hadi azimalize.

Mama alishuka na sweta. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake unazijua kwa ncha za vidole. Stesheni ya Miritini mchana wa Desemba ni habari nyingine. Nilikuwa nimekodi gari la viti 14, tukapita barabara ya Dongo Kundu moja kwa moja hadi upande wa kusini bila kugusa kisiwa cha Mombasa. Wazee walishukuru. Watoto walinuna, maana walikuwa wameahidiwa feri. Baadaye niliwarudisha Likoni kwa makusudi, tukavuka kwa miguu, ambako hakulipishwi kitu, tukanywa maji ya madafu ng'ambo na kurudi. Ukiwauliza leo, feri ndiyo Krismasi yao.

Sasa nyumba. Tangazo lilisema "hatua chache hadi baharini". Hatua za nani? Nyumba iko ng'ambo ya barabara, safu ya pili, na mbele yake kuna kuta za hoteli na majumba ya watu. Ukitaka maji unavuka lami, unatembea kando ya ukuta, kisha unaingia kichochoro cha mchanga kati ya viwanja viwili. Kwa mtoto ni mbio za dakika chache. Kwa Baba na mkongojo wake ilikuwa robo saa na zaidi, kwa hiyo kila siku tulimwita mtu wa tuktuk amfikishe kwenye mdomo wa kichochoro. Ufuo wenyewe ni wa kila mtu: Katiba ya Kenya, kifungu cha 62, inaiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tatizo la Diani ni njia ya kuufikia, na hilo picha za tangazo hazilionyeshi. Muulize mwenye nyumba swali moja tu: mzee wa miaka 78 atapita wapi, na njia hiyo hufungwa saa ngapi? Akianza kukueleza habari za mandhari, jibu umeshalipata.

Bahari nayo ina ratiba yake, na wageni wa bara hudhani iko pale muda wote. Walipofika mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo ilikuwa bamvua, maji yakikupwa saa nne au saa tano asubuhi na kwenda mbali kabisa kuelekea mwambani. Wakati huo huogelei, unatembea. Watoto waliona viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, kwenye mawe na vidimbwi vyenye samaki wadogo wa rangi. Viatu vya mpira ni lazima, kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia unyayoni sikukuu imekwisha. Ratiba husogea mbele kila siku, hivyo kufikia Krismasi yenyewe maji yalikupwa adhuhuri, na wa kuoga wakaoga asubuhi kabla jua halijawa kali. Msimamizi wa nyumba alipaswa kubandika karatasi ya saa za maji ukutani. Hakuwa nayo. Mpishi alikuwa nayo kichwani.

Na nimfikie mpishi, maana ndiye tuliyemlipia hata kama risiti inasema tulilipia vyumba. Ni Mdigo wa hapa hapa Kwale, mtu mzima, mpole, hapigi kelele jikoni. Siku ya kwanza alikaa barazani na Mama na Baba akawauliza mmoja mmoja nini hawali. Mahotelini ninakofanya kazi nimeona wapishi wa kofia ndefu wasiouliza hilo. Mama akamwambia bila kuzunguka kwamba samaki hali, hajawahi, na hataki kitu kitakachomtazama kutoka kwenye sahani. Mpishi akasema, "Haya mama, wewe una chungu chako," na likawa hivyo hadi mwisho.

Sisi wengine tulikula. Mvuvi alikuja na baiskeli mlangoni asubuhi, na msimu huu wa kaskazi bahari ni tulivu kuliko wakati wa kusi, kwa hiyo kulikuwa na cha kuchagua: changu, tafi, kolekole, pweza, siku moja kamba wakubwa ambao shemeji alitaka kuwapiga picha kabla ya bei. Changu wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa na kupakwa rojo la nazi, ndimu na pilipili, ndiye aliyenyamazisha meza. Kaka yangu, ambaye nyumbani huongea hadi chai inapoa, alikula kichwa na kunyonya mifupa. Ushauri: acheni mpishi ndiye azungumze na mvuvi. Mimi naishi hapa miaka na bado ninapewa bei ya mgeni.

Mvutano ulikuwa kwenye nazi. Nazi kwenye wali, nazi kwenye mchicha, nazi kwenye maharagwe. Mama alivumilia hadi maharagwe, akauliza kama kuna mtu anayemwaga maziwa jikoni. Alikuwa amekuja na gunia dogo la viazi, minji na kabichi, ambalo tulilicheka stesheni, na jioni ile akaingia jikoni kupika mukimo, viazi vya kupondwa pamoja na minji na majani ya maboga. Majani ya maboga mpishi aliyapata kwa jirani kabla hatujamaliza kuuliza yatatoka wapi. Mwiko wa nyumba ulikuwa mwepesi mno kupondea, basi akaleta kinu na mchi. Mama akasema kinu ni cha nafaka. Akakitumia. Alichokubali yeye kwa upande wa Pwani ni mahamri na mbaazi za nazi za asubuhi, ambazo kwa sababu anazozijua mwenyewe hazihesabiwi kuwa nazi.

Krismasi ni mbuzi. Tulimnunua Ukunda, na mpishi akaomba achinjwe na Mwislamu ili yeye na askari nao wale. Baba hakuona neno, hata buchari anakonunua nyama kwao anayechinja ni Mwislamu. Jambo la pili lilihitaji maneno zaidi: shemeji hawezi kula mbuzi bila mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, na mutura ina damu. Mpishi hakukataza. Alisema tu kwamba vyombo vya nyumba asingependa viguse damu, kwa kuwa yeye huvitumia pia kupikia wageni wengine Waislamu. Shemeji akanunua sufuria ya bei rahisi na jiko dogo la makaa, akajitenga chini ya mwembe nyuma ya nyumba na mutura yake, na kila mtu akashiba kwa amani. Kama mna desturi kama hii, semeni mapema na mje na chombo chenu. Ni adabu tu, na sufuria tumeibeba hadi nyumbani.

Siku ile mpishi alifanya kazi ya sikukuu isiyo yake tangu alfajiri. Bahasha tulimpa, na dada alihakikisha imepita kwake mkononi na si kwa msimamizi.

Friji, basi. Nilipoifungua mara ya kwanza niliisikia kabla sijaiona: kompresa inanguruma bila kupumzika. Nilikuwa na kipimajoto changu, nikakiacha kwenye glasi ya maji rafu ya katikati usiku kucha. Asubuhi kilisoma nyuzi 11. Friji ya chakula inapaswa kuwa nyuzi 4 au 5, na kwenye joto la Diani tofauti hiyo ndiyo maziwa yaliyoganda kabla ya chai na nyama yenye harufu. Fanya hivi hata kama si fundi: chukua noti, ibane kwenye mlango wa friji uliofungwa, kisha ivute. Ikitoka kwa ulaini, mpira wa mlango umekufa na baridi yote inavuja. Noti yangu ilitoka kama imepakwa mafuta. Nyuma yake mabomba yalikuwa na kutu ya hewa ya chumvi na vumbi la miaka, na friji imesukumwa hadi ukutani isipate pumzi. Niliizima, nikapiga brashi, nikaisogeza upana wa kiganja kutoka ukutani. Ikashuka hadi nyuzi 7. Zaidi ya hapo ni mpira mpya. Tulinunua barafu, tukaweka kasha la baridi barazani kwa vinywaji ili watoto wasifungue mlango kila dakika, na samaki tulipika siku ile ile.

Sikuombwa wala sikulipwa kwa kazi hiyo, na sidai. Lakini anayekodisha nyumba ya watu kumi kwa bei ya sikukuu na kuweka friji ya bachela yenye mlango usiofunga anacheza na matumbo ya watoto.

Viyoyozi vilikuwa vyumba viwili, feni za dari vyumba vyote. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kile cha 12,000 BTU, hula kama kilowati 1 kompresa ikiwa inafanya kazi. Feni ya dari hula wati 60 au 70. Ndiyo maana tokeni ziko juu yako. Usiku wa kwanza kila aliyekuwa na kiyoyozi alikiweka nyuzi 18 na kuacha dirisha wazi "hewa iingie", na asubuhi tokeni zilikuwa ukingoni. Kuiweka 18 hakukipoozi chumba upesi zaidi, kunaifanya mashine isikome tu. Tuliviweka 26 na feni polepole, madirisha yamefungwa, na Mama, ambaye kiyoyozi alikiita ugonjwa, akaomba kuhamia chumba cha feni. Alilala vizuri kuliko sisi. Makuti marefu yasiyo na dari huachia joto juu, na upepo wa kaskazi ukipita barazani usiku huna haja ya mashine. Aliyejenga nyumba ile alijua kazi. Aliyenunua vifaa vyake ndiye sijui.

Vyandarua ni jambo ambalo sitalegeza. Nyahururu hakuna malaria ya kusema, kwa baridi ile, kwa hiyo watu wa kule hawana kinga waliyo nayo watu wa hapa, na Kwale malaria ipo. Vitanda viwili vilikuwa na vyandarua vyenye matundu. Nilimpigia msimamizi, vikabadilishwa kabla ya jioni, na kwa hilo nampa haki yake. Mgeni wa nyanda za juu akirudi nyumbani na homa wiki mbili baadaye, amwambie daktari alikuwa Pwani.

Maji ya bomba ni ya kisima, na visima vingi karibu na ufuo vina chumvi. Sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya ajabu. Ya kunywa na kupikia tulinunua, mitungi ya lita 20. Mke wa kaka alifua mara moja, akaachana nayo.

Kidimbwi ni kizuri, safi, na hakina uzio. Vyumba vya watoto vinafungukia upande huo. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitatu hiyo ni kazi ya zamu mchana kutwa, na tuliifanya, mtu mzima mmoja kiti chake kando ya maji bila simu. Mwenye nyumba akiweka uzio mfupi wenye lango la komeo nitampa nyota anayoitaka.

Wanyama hawakuwa kwenye tangazo. Kima walichukua mkate mzima juu ya meza huku tukitazama, na mmoja alirudi kuulizia siagi. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe ya manyoya marefu, hawaibi. Hula majani na kukaa juu kwa heshima. Barabarani shirika la Colobus Conservation limewafungia ngazi za kamba juu ya lami wavuke bila kugongwa na magari. Baba alisimama chini ya ngazi ile muda mrefu. Shambani kwake nyani ni mwizi wa mahindi na dawa yake ni mbwa. Sasa anaona watu wamemjengea jamaa yake daraja. Alitaka kujua nani alilipa.

Kuhusu wauzaji wa ufuoni nitasema machache: salamu nzuri, "hapana, asante" moja, na bei ya mashua ya kwenda mwambani ikubaliwe kabla ya kupanda, pamoja na maboya ya kuvaa kwa kila mtoto. Nahodha asiye na maboya ya kutosha, shuka. Ngamia tulimpanda kwa ajili ya picha, Mama hakuhusika.

Ningelipa tena? Ndiyo, kwa ajili ya baraza na mpishi. Baba alikaa barazani kuliko alivyokaa ufuoni, na bahari yake aliipata: alikunja suruali, akaingia hadi magotini akiwa ameshikwa na wajukuu wawili, akasimama hapo hadi akaridhika, akasema turudi chai iko tayari. Vyumba vinatosha, vitanda ni imara, mama wa usafi anakuja kwa wakati. Umbali wa bahari ni uongo wa tangazo, friji ni aibu, kidimbwi ni hatari kwa wadogo.

Mwenye nyumba alinirudishia amana yangu kwa M-Pesa siku ya pili bila kukata hata shilingi, akauliza kama tunataka Krismasi ijayo. Nilimwambia tutataka kama mpishi ni yule yule, na nikamtumia kipimo cha mpira wa mlango wa friji pamoja na picha. Akajibu kwa kidole gumba. Agosti nitapita kuutazama kabla sijatoa nusu ya malipo.